Blanketi la Paa

Māngere, Auckland
14 Juni

Dada Matalena,

Barua hii anakuletea mke wa shemasi Iakopo, anayekuja huko kwetu visiwani kumzika shangazi yake. Mpe chai na umshukuru, maana mzigo wake ulikuwa umeshazidi uzito na bado akaikubali.

Najua utasema, huyu ana simu, barua ya nini? Simu ya kwetu unaijua. Nikisema "halo" tu, Mama anaiweka kwenye spika, na kabla sijauliza hali jirani ameshanijibu kutoka ng'ambo ya ua. Nina jambo ambalo sitaki Mama alisikie kabla ya wakati wake.

Nataka kumtumia viyoyozi. Vitatu: cha chumbani kwake, cha sebuleni, na cha kile chumba anacholala mchungaji akija. Nataka vifike kabla ya Jumapili ya Watoto, mwezi wa kumi. Si kwamba Mama analalamika. Kila nikimuuliza nyumba yake mpya ikoje ananijibu vile vile, "Nzuri, mwanangu, wapita njia wanageuza shingo." Lakini joto la Februari ya huko sijalisahau, na mimi nilikuja kuizindua nyumba mwezi wa saba, upepo ukivuma, nikalala siku chache nikaondoka. Nataka apumzike kama mama aliyezaa.

Huku baridi imetukaba koo. Kuta za nyumba tuliyopanga zinatoka jasho, na mwanangu Losa anakohoa tangu mwezi uliopita. Mchana kutwa natambaa kwenye dari za watu nikiwatandikia blanketi la nyuzi za kioo la kutia nyumba joto, kwa sababu sheria ya huku inataka hivyo, halafu jioni narudi kwenye nyumba isiyo na hata kipande. Mwenye nyumba anasema zamu yetu yaja. Mke wangu Lusia anasema zamu hiyo inakuja kwa miguu.

Sasa wewe. Nasikia umekuwa mtunga sheria. Kanisani wananiambia, dada yako mkaguzi na kamati yake wanaandika kanuni mpya za ujenzi, na nyumba za vioo kama ya mama yako zitapigwa marufuku, sisi watoto wa ughaibuni tuanze kujenga vibanda. Watu wamenuna kweli kweli. Nimewajibu kwamba dada yangu hawezi kunivunjia nyumba. Usiniumbue.

Halafu nitumie picha ya Mama chumbani mwake, kwenye kile kitanda. Zote nilizo nazo ni za sebuleni, amekaa ukingoni mwa kochi kama anayesubiri kuitwa na daktari.

Mdogo wako,
Falaniko


Apia
5 Julai

Mdogo wangu Niko,

Barua nimeipata, pamoja na sweta la Mama, ambalo sijui ulidhani atalivaa wapi.

Mama ni mzima, anakusalimu. Nyumba inang'aa. Kila Jumamosi nikivuka na feri kwenda kijijini namkuta ameshafuta vioo.

Kuhusu kanuni, usisikilize maneno ya baada ya ibada. Hakuna anayevunja nyumba ya mtu. Kanuni ni za nyumba zitakazojengwa kuanzia sasa, na sababu yake ni umeme. Kila nyumba mpya inajengwa kama sanduku, ikishakuwa sanduku inataka kiyoyozi, na kiyoyozi kinataka dizeli inayoletwa na meli. Sisi tunataka nyumba ipoe yenyewe.

Kazi ipo kwenye kuandika. Tuliletewa rasimu na mshauri mmoja kutoka nje, kijana mwenye adabu zake, soksi mpaka magotini. Tukaenda naye kuisoma kijijini kwetu, kwenye fale ya mikutano. Akasoma: kila paa liwe na blanketi chini yake. Mzee Fonoti akauliza, "Kwani paa lina homa?" Watu hawakuwa na mbavu. Kijana akaendelea: kila ukuta uzibwe, hewa isipite. Mzee Fonoti akatazama kulia, akatazama kushoto. Unaijua fale ile, ni nguzo, paa na bahari, kuta haijawahi kuwa nazo. "Mwanangu," akasema, "hapa tulipokaa pamefuzu?" Kijana akapekua kurasa zake, masikini, akasema kwa sauti ndogo kwamba hapajafuzu. "Basi tutoke nje, jamani," mzee akasema, "tusije tukakamatwa."

Rasimu tumeirudisha. Tunaiandika upya iwe ya kwetu: upenu mpana, paa jeupe, hewa ipite, kivuli upande wa magharibi. Blanketi mimi nataka libaki, ila sijui nitamweleza nini mzee Fonoti.

Nikuulize kama fundi. Kwa nini uliweka vioo vikubwa vile upande wa magharibi, tena visivyofunguka? Na rangi ya paa ulichagua wewe? Nauliza tu.

Viyoyozi visubiri kidogo. Picha nitakutumia.

Dada yako,
Matalena


Māngere
28 Julai

Dada,

"Nauliza tu." Tangu lini wewe ukauliza tu?

Haya, fundi anajibu. Magharibi ndiko iliko bahari na ndiko liliko jua la alasiri. Huku kila mwenye nyumba anataka jua hilo limfuate mpaka kwenye kochi. Rangi ya makaa ndiyo mabati ya kisasa, na inashika joto. Upenu niliukata kwa sababu unakula mwanga. Vioo havifunguki kwa sababu huku nyumba inayopenyeza upepo ni aibu ya aliyeijenga. Nimefanya kazi hii tangu Losa hajazaliwa, wakaguzi wa hapa wananiita kwa jina, na kila nilichojifunza nimempa Mama. Kila kitu, isipokuwa hilo blanketi lenu. Hilo niliacha makusudi, kwa kuwa blanketi ni la baridi, na mzee Fonoti ana haki ya kucheka.

Mngechukua tu kanuni za huku mkazinakili, mngemaliza kazi mapema.

Viyoyozi nimeshavichukua. Viko gereji kwa Iakopo vinasubiri meli. Wala usimwambie Mama, nataka aone tu mafundi wanaingia.

Picha je?

Falaniko


Vaitolo, Savai'i
17 Agosti

Mwanangu Falaniko,

Bwana akulinde wewe na mkeo na Losa wangu. Naandika kwa mkono wangu. Matalena ameniletea karatasi na kalamu, kisha nimemtuma dukani asije akachungulia.

Ameniambia unataka picha yangu nikiwa kitandani. Mtoto wewe, mama yako apigwe picha kitandani ana maradhi gani? Na ikimfikia mchungaji?

Nyumba ipo vizuri. Makochi sijayatoa plastiki yake. Ufunguo nauvaa shingoni hata nikienda kuoga. Walikuja kina mama wa kanisa kutoka kisiwa cha Upolu, wakaingia, wakasema hawajaona nyumba kama hii. Niliwaandalia chai humo ndani. Baadaye wakasema wanataka kuinywea nje, waangalie bahari.

Kuhusu usingizi wangu usiwe na wasiwasi. Nalala kama mtoto. Upepo wa bahari unanipitia usiku kucha na jogoo ndiye anayeniamsha.

Losa mpake mafuta ya nazi kifuani, yapashwe moto kidogo, siyo hizo dawa za chupa. Kwaya ya kanisa inakuja huko mwezi ujao, nawapa majimbi yako. Mkeo asiyachemshe mpaka yawe uji.

Mama yako


Māngere
25 Septemba

Matalena,

Sikuandika "dada", na umeona.

Kwaya imefika. Binamu yetu Lafaele amelala kwangu. Tulipokuwa tunakula majimbi ya Mama nikamtolea barua yake, nikamsomea kwa majivuno ile sehemu ya upepo wa bahari. Akacheka. "Utaachaje kumpitia," akasema, "na fale yenyewe haina kuta?" Nikamuuliza fale ipi. Akaendelea kutafuna wakati mdomoni hamna kitu.

Nikamkalia kooni mpaka akasema yote. Kwamba Mama analala nyuma, kwenye fale ya zamani, juu ya mikeka, pamoja na kuku. Kwamba kijiji kizima kinajua. Kwamba watoto wameipa nyumba yangu jina, wanaiita Umu ya Falaniko. Umu! Mawe ya moto ya kuchomea nguruwe! Na kwamba wewe, siku ile ya mkutano wenu, uliwachukua kamati ukawaingiza ndani, mkapima joto, na yule kijana wa soksi akaandika.

Nyumba niliyomjengea mama yangu umeifanya kichekesho cha serikali. Ulijua tangu barua ya kwanza. Simu zote zile ulijua. "Nyumba inang'aa," ukaniandikia. Magoti yangu yameisha kwenye dari za watu kwa ajili ya nyumba ile.

Viyoyozi vinapanda meli ijayo. Vitamaliza hilo joto, na kanuni zako utatafuta mahali pengine pa kuzifundishia.

Falaniko


Apia
6 Oktoba

Mdogo wangu,

Nipigie kelele, nusu yake ni haki yangu. Nusu nyingine ni ya Mama, aliyenikataza.

Sasa nakuambia, na nitamkabili mwenyewe akijua. Ilikuwa Februari. Mchungaji alikuwa anakuja, na Mama akaingia saa nane mchana kufuta vumbi, akafunga mlango nyuma yake ili vumbi jingine lisiingie. Alikawia kutoka. Jirani akaja kuchungulia kwenye hivyo vioo akamwona yuko sakafuni. Nilipofika hospitali alikuwa ameshazinduka, kitambaa cha kufutia bado anacho mkononi. Daktari alisema ni joto tu, na kwa umri wake siku nyingine hatutamuwahi. Mama akanishika mkono. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Niko asijue."

Ndiyo sababu analala fale ya nyuma. Lakini kila asubuhi kabla jua halijapanda anaingia kufuta vioo vyako. Nimeshindwa kumzuia. Kila feri inapotia nanga naogopa nitakayoambiwa.

Ndiyo, kamati niliipeleka. Nilitaka wakae mle ndani, wasisome karatasi tu. Hakuna aliyecheka, Niko. Lafaele hakuwepo. Mzee Fonoti alitoka shati limeshikana na mgongo, akakaa kwenye ngazi, akaniambia, "Huyu kijana anampenda sana mama yake. Ni nani tu aliyemfundisha jua?"

Huko uliko jua ni mgeni, mnalifungulia mlango na kulizuia lisiondoke. Huku linakaa na sisi siku zote. Umebeba kila kitu kutoka huko, ukaacha kimoja, na hicho kimoja ndicho tulichokuwa tunakihitaji.

Na viyoyozi, Mama ataviwasha wageni wakifika na kuvizima wageni wakitoka. Unamjua. Mtu anayekuzimia taa ukiwa bado unasoma.

Linalofuata sikutaka kuliandika. Kwetu kaka hamkatalii dada yake, hilo ni agano, na tangu tuzaliwe sijalitumia kwako, hata ule mwaka uliposukuma pikipiki yangu baharini. Leo nalitumia. Viyoyozi visipande meli. Panda wewe. Njoo miezi ya joto, usije tena mwezi wa saba, na uje na misumeno yako na hayo mablanketi. Siombi kama mkaguzi. Nakuomba kama dada yako.

Matalena


Māngere
12 Desemba

Dada,

Nimekaa kimya sana. Lusia anasema nimekuwa redio iliyoishiwa betri. Jumapili ya Watoto nilimpa Losa simu azungumze na bibi yake, mimi nikasimama jikoni nasikiliza. Nilikuwa nimekasirika, kisha nikaona aibu, na aibu ndiyo iliyochukua muda mrefu zaidi.

Wiki iliyopita tulikuwa na kazi Ōtara, kwa bibi mmoja anayeishi peke yake. Mabati rangi ya makaa, jua la Desemba limesimama juu yetu. Kule darini jasho lilikuwa linaniingia machoni. Tulipomaliza upande mmoja tukashuka kunywa maji. Bibi alikuwa amehamisha kiti chake. Hakuna aliyemwambia lolote. Alikuwa amekiburuza mwenyewe, na chai yake na redio yake, akakaa upande uliokwisha tandikwa. Nikaenda nikasimama pale. Nikarudi nikasimama upande wa pili. Nikarudi tena, mpaka mwenzangu akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Dada, nimetandika mablanketi haya miaka yote hii nikidhani yanatia joto. Hayatii kitu. Yanazuia tu. Joto likiwa ndani linabaki ndani, likiwa nje linabaki nje. Nilikwenda kukaa kwenye gari nikalia, fundi mzima, nikimfikiria Mama na kile kitambaa mkononi.

Viyoyozi vimerudi dukani. Naja Januari, na mablanketi yanakuja na meli kunitangulia. Nina ombi moja, na wewe pia usinikatalie. Siku nikifika, mtu asifungue nyumba ile. Nataka niingie saa nane mchana, mlango ufungwe, nikae chumbani mwa Mama mpaka nijue.

Habari njema ni kwamba mwenye nyumba wetu hatimaye amebanwa na sheria, na kampuni ikanituma mimi. Nimejitandikia mwenyewe. Losa alilala chini ya mlango wa dari akinisimamia kama mkaguzi. Amenipitisha.

Mdogo wako,
Falaniko


Vaitolo, Savai'i
20 Februari

Wifi yangu Lusia,

Mumeo anarudi Ijumaa na barua hii mfukoni. Nimeigundisha vizuri kwa sababu namjua. Yaliyotokea huku hatakusimulia, atakuambia "tulirekebisha kidogo", kwa hiyo nakusimulia mimi.

Siku aliyofika aliingia nyumbani mle kama alivyoapa. Mama alisimama nje na taulo na jagi la maji. Alikuwa hajui kwamba Niko anajua. Baada ya muda akaanza kugonga kioo, "Niko! Niko! Chakula kinapoa!" Kioo kile hakipitishi sauti. Tuliona tu mkono wake unasema ngojeni. Mama akaenda mlangoni, akarudi, akaenda tena. Mwishowe akaniambia, "Matalena, mwanangu anakufa mle ndani na wewe umesimama." Nikamwambia anatoka sasa hivi, na moyoni sikuwa na hakika.

Alitoka ameloa kama aliyetoka kuogelea. Macho mekundu. Akakaa chini miguuni pa Mama, Mama akaanza kumfuta uso.

"Ulianguka humu," akamwambia.

Mama akanitazama jicho ambalo sitalisahau. "Ilikuwa mara moja tu," akasema.

"Mama!"

"Basi, mbili."

Ya pili hata mimi sikuijua, Lusia. Tulikaa pale chini sote watatu tukilia, na Mama ndiye aliyekuwa akitubembeleza.

Kesho yake akaomba ngazi. Aling'oa vioo vya magharibi vyote, akaweka madirisha ya luva, yale ya vipande vipande vinavyofunguka. Akatoa upenu mpana mbele, umeshikiliwa na nguzo, mpaka upande ule umeanza kufanana na fale. Paa likapakwa rangi nyeupe. Darini akatandika blanketi. Vijana wa kijiji walikuja kusaidia, na kazi nyingine waliyoifanya ni kumtania. "Umu imezimwa!" wanaimba huku wamebeba mbao. "Falaniko, nguruwe tumchome wapi sasa?" Siku ya kwanza alinuna. Siku ya tatu alikuwa anaimba nao.

Halafu ukaja mkutano wa mwisho wa kanuni. Zilikuja familia nyingi zenye watoto ng'ambo, zimekasirika. Mzee mmoja akasimama akasema kanuni hizi ni tusi kwa watoto wetu, wamejinyima huko wakatujengea majumba, serikali inakuja kuwaambia hamjui kujenga. Wakampigia makofi. Nikaona kazi yangu ya mwaka mzima inazama mbele ya macho yangu.

Niko hana cheo cha ukoo, kwa hiyo alikuwa amekaa nyuma kabisa, kwenye nguzo ya vijana. Akaomba ruhusa. "Mimi ndiye mwenye Umu," akasema. Watu wakacheka, na yeye akawaacha wacheke mpaka wakachoka. Kisha akasema, na nayakumbuka kama yalivyotoka: "Binti yangu alikohoa kwa kuwa nyumba ya huko haikuzuia baridi. Mama yangu alianguka kwa kuwa nyumba ya huku haikuzuia joto. Zote mbili tunakaa watu tunaopendana. Siku niliyoichora nyumba ya mama yangu nilimwonyesha kila mtu, na kila mtu akasema nzuri. Hapakuwa na karatasi popote ya kuniambia hapana. Ningeambiwa hapana ningenuna wiki nzima, ningemtukana dada yangu, halafu ningejenga vizuri."

Mzee Fonoti, ambaye hawezi kukaa bila neno, akauliza, "Na hilo blanketi? Bado mnasema paa lina homa?"

"Lina homa, mzee wangu," Niko akajibu. "Karibu uliguse."

Lusia, mzee yule alisimama! Fimbo yake mkononi, mkutano mzima nyuma yake, tukavuka barabara mpaka nyumbani kwetu. Niko alikuwa amebakiza dari ya chumba kimoja makusudi. Mzee akaingia chumba kile akanyanyua kiganja kuelekea darini, akakitoa haraka kama aliyegusa sufuria. Akaingia chumba cha Mama akanyanyua kiganja. Akakaa hivyo hivyo amenyanyua mkono, mpaka mtu akamuuliza kama anabariki. Alipotoka akasema blanketi libaki kwenye kanuni, na akataka Niko amwandikie barua mwanawe aliyeko Brisbane, ambaye naye ameshaagiza mabati rangi ya makaa.

Rasimu imepita kamati na inakwenda kwa mawaziri. Bado haijawa sheria, nisikudanganye, na wenye maduka ya vioo hawajanyamaza. Lakini sasa ni ya kwetu, na fale ya mikutano imefuzu.

Jambo moja tu, nalo usimuulize Niko bado. Mama hajalala mle ndani. Anasema anangoja harufu ya rangi iishe. Kila jioni anachukua mkeka wake anarudi nyuma kwa kuku wake, na Niko anajifanya haoni. Simlaumu Mama. Mwili una kumbukumbu zake.

Wifi yako,
Matalena


Vaitolo, Savai'i
15 Machi

Mwanangu Falaniko,

Harufu ya rangi imeisha.

Nakuandikia nikiwa mezani, ndani, na dirisha liko wazi, karatasi nimeikandamiza na kopo la nyama isipeperuke. Mvua ilinyesha jana na juzi, upenu wako haukuniingizia hata tone. Kuku wamehamia chini yake. Nimewafukuza, wamerudi.

Mchungaji alikuja Jumatano, amechoka na safari, jua kali. Akaomba ajinyooshe kidogo. Akawa anaelekea chumbani kwangu, kwa kuwa ndicho chenye upepo zaidi, amekigundua mara moja. Nikamwambia, baba mchungaji, chumba chako ni kile pale, hiki kina mtu. Akauliza nani. Nikamwambia, mimi.

Alishangaa, lakini amelala vizuri kule kwake, nilimsikia akikoroma.

Mzee Fonoti anapita kila siku kuniuliza ngazi yako iko wapi. Jirani anataka nimwachie mabaki ya blanketi. Ufunguo umepotea, sijui niliuvua wapi, na tangu uweke madirisha haya sijaona sababu ya kuutafuta.

Ndani ya bahasha kuna picha. Matalena kanipiga bila kuniuliza, saa nane mchana, nimelala kwenye kitanda chako, mdomo wazi, mguu mmoja nje ya shuka. Nilitaka kuichana. Halafu nikakumbuka kwamba uliiomba.

Mchungaji asiione.

Mama yako